Kumbukumbu ya Sachsenhausen, Oranienburg: usiishie kwenye tanuri, tafuta alipokaa mnyapara

Kambi ya mateso ya Sachsenhausen, ambayo leo ni makumbusho, iko Oranienburg, kilomita kama 35 kaskazini ya Berlin. Kiingilio ni bure. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepungua kwa kuwa jambo zito kuliko yote hapo limetawanyika: kipande kiko ndani ya banda, kingine kwenye kokoto za uwanjani, kingine kwenye droo ya maonyesho ambayo watu wengi hawaifungui. Mgeni wa saa mbili ataona lango, ataona tanuri la kuchomea maiti, atapiga picha na kurudi mjini akiwa amelikosa.

Jambo lenyewe ni hili. SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi za mateso, hawakuiendesha kambi peke yao. Kazi ya kila saa, kuanzia kuamsha watu, kuwahesabu, kuwagawia supu, kuwapanga kazini hadi kuwachapa, ilifanywa na wafungwa waliokabidhiwa kitambaa cha mkononi, kalamu au upawa. Wajerumani waliwaita kapo. Sisi tuna neno letu, na linatosha kabisa: mnyapara. Aliyewahi kusikia habari za nyapara wa gerezani atauelewa mfumo wa Sachsenhausen upesi kuliko watalii wengi wa Ulaya.

Kufika si kazi. Treni ya S1 inaishia Oranienburg, na kutoka katikati ya Berlin ni kama dakika 45. Ile ya mkoa, RE5, ni ya haraka zaidi. Nunua tiketi ya eneo la ABC, maana Oranienburg iko C. Tiketi ya AB haifiki huko, na wakaguzi hawasikilizi habari za ugeni: faini ni euro 60. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Kutoka stesheni unatembea kama dakika 20, au unachukua basi la 804 au 821. Mabasi hayo si ya kila dakika, kwa hiyo mwenye miguu mizima atembee tu. Wafungwa wengi nao waliswagwa kwa miguu kupita kwenye mitaa hiyo ya nyumba za watu, wenyeji wakiwaona.

Kwenye kituo cha wageni kodi kifaa cha kusikilizia maelezo. Ni euro chache tu, na lugha ziko kadhaa. Usitegemee Kiswahili, chukua Kiingereza au Kifaransa. Ziara za makundi zinazotoka Berlin huchukua karibu siku nzima ukihesabu safari, na waongozaji wake lazima wawe na kibali cha kumbukumbu hiyo, kwa hiyo maelezo kwa kawaida ni ya kuaminika. Tatizo la kundi ni mwendo. Ukitaka kuelewa habari ya unyapara, nenda mwenyewe, tenga saa nne au tano, na fika asubuhi. Majira ya baridi milango hufungwa mapema, na Jumatatu za msimu huo maonyesho ya ndani hayafunguliwi. Hakikisha saa kwenye tovuti yao kabla ya kutoka nyumbani.

Anzia Mnara A, ambao ndio lango. Kambi ilijengwa mwaka 1936 na wafungwa wenyewe, waliohamishwa kutoka kambi za Emsland. Umbo lake ni pembetatu. Simama chini ya mnara uangalie mbele: mabanda yalipangwa kama upepeo wa ukili, yote yakielekea hapo uliposimama, ili rashasha moja juu ya lango iweze kuyafikia yote. Mabanda mengi hayapo tena. Nafasi zake zimewekewa kokoto na mawe yenye namba. Usiyapite mawe hayo bila kuyasoma, tutarudi kwenye 18 na 19.

Mbele ya lango ndipo palipokuwa uwanja wa kuhesabia. Kila asubuhi na jioni idadi ililazimika kutimia, na wafu wa usiku walibebwa wakapangwa pamoja na wazima ili hesabu ikae sawa. Karani aliyeandika hesabu hiyo alikuwa mfungwa. Kiongozi wa banda aliyeileta alikuwa mfungwa. Juu yao wote alikuwapo mnyapara mkuu, aliyeitwa Lagerältester, mzee wa kambi, naye pia mfungwa. Hapo ndipo pa kuelewa ujanja wa SS, maana kila mmoja alishona kifuani pembetatu ya kitambaa: nyekundu wa siasa, kijani walioitwa wahalifu wa kudumu, nyeusi walioitwa wasio na maadili, waridi mashoga, zambarau Mashahidi wa Yehova, na Wayahudi walivaa mbili zilizopandishana moja ikiwa ya njano. Wekundu na wa kijani waligombea vitambaa vya unyapara miaka yote, na SS waliwabadilisha walivyopenda. Himmler mwenyewe, mkuu wa SS, aliwaeleza majenerali mwezi Juni 1944 jinsi mtego ulivyokaa: kapo asiporidhisha anavuliwa cheo na kurudishwa kulala na wenzake, na anajua kwamba usiku huo huo wa kwanza watamuua. Kwa hiyo akishavaa kitambaa, hana njia ya kurudi nyuma.

Mtu akiuliza, "Kwa nini wasikatae?", jibu lake lina jina. Harry Naujoks, fundi wa boila kutoka Hamburg, mkomunisti, alikuwa mzee wa kambi tangu 1939. Mwaka 1942 ofisa wa SS Fritz Suhren alimwamuru amnyonge mfungwa mwenzake mbele ya watu wote. Naujoks akakataa. Hakuuawa siku hiyo. Alisimamishwa kando ya mti wa kunyongea atazame mpaka mwisho, na kazi ikafanywa na mfungwa mwingine. Novemba mwaka huohuo yeye na wakomunisti wenzake 17 waliondolewa na kupelekwa kambi ya Flossenbürg. Huyu hupewa sifa ya ushujaa, na ni haki yake. Lakini kaa na habari hiyo kidogo: miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ndiye anayepanga watu kwenye mistari, ndiye anayetii amri nyingine zote. Alitumia cheo kuwaokoa baadhi, na cheo hicho kilikuwa sehemu ya mashine. Maelezo ya ukutani husema sehemu ya kwanza vizuri, na ya pili kwa sauti ya chini.

Namna ya kuokoa ilikuwa hivi. SS walidai idadi, mara nyingi bila kujali majina: wafungwa mia kadhaa wa kupelekwa kambi nyingine au kikosi kibaya cha kazi. Karani mwenye moyo angeweza kulitoa jina la rafiki, mgonjwa au mwanachama mwenzake. Nafasi haikubaki tupu. Ilibidi iandikwe namba ya mtu mwingine, kwa kawaida mgeni, asiyejua lugha, asiye na wa kumsemea. Kila aliyeokolewa kwa kalamu alikuwa na mwenzake asiyejulikana aliyekwenda badala yake. Ukilijua hili kabla ya kuingia, karatasi za orodha zilizomo kwenye makabati ya vioo zinabadilika machoni.

Sasa inama uangalie chini. Kuzunguka uwanja kuna njia ya nusu duara yenye vipande vya sakafu tofauti: zege, mchanga, changarawe, mawe, udongo. Ni njia ya kujaribia viatu, iliyoanza kutumika mwaka 1940. Ngozi ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, na viwanda vya viatu vya Ujerumani vilitaka kujua soli za bandia zitadumu kilomita ngapi. Mzunguko mmoja ni kama mita 700. Watu walitembezwa hadi kilomita 40 kwa siku, yaani mizunguko zaidi ya 50, wengine wakiwa na mizigo mgongoni, na wengi wao walitoka kikosi cha adhabu. Mwaka 1944 baadhi walipewa na dawa za kuchangamsha ili ionekane mwili utakwenda muda gani bila kulala. Kilichoandikwa kwenye taarifa ni uchakavu wa soli.

Hiki ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye ziara hii, na watu hukikanyaga bila kujua. Aliyeusimamia mradi huo hakuwa SS. Ernst Brennscheidt alikuwa raia, mtumishi wa serikali, na alisimamishwa kizimbani pamoja na maofisa wa SS. Tembea mzunguko mmoja kamili, taratibu, na viatu vyako vizuri. Ukifika kwenye kile kipande cha mchanga utajua ni misuli gani inayochoka kwanza.

Mabanda 38 na 39 yako upande wa kulia ukitokea langoni. Ndani utaona bweni lenye vitanda vya ghorofa tatu, chumba cha kulia, na katikati vyoo na mahali pa kunawia. Sehemu ya dari imeungua: mwaka 1992 wabaguzi waliyachoma moto, na mabaki ya moto huo yameachwa yaonekane. Usikimbilie dari tu. Angalia mabeseni ya kunawia miguu na kile kistoo cha mifagio. Humo ndimo wafungwa, hasa Wayahudi, walizamishwa vichwa majini au kusongamanishwa mpaka wakakosa hewa. Baadhi ya mateso hayo yalifanywa na SS, na mengine na wakubwa wa mabanda waliotaka kuwaonyesha SS kwamba wanaweza.

Katika chumba cha kulia fikiria upawa. Supu ya kambini ilikuja kwenye mapipa, na chochote kizito, kiazi au kipande cha tanipu, kilizama chini. Mgawaji akichota juu bila kukoroga, unapata maji ya moto. Akizamisha, unapata cha kutafuna. Tofauti ya chota moja kwa siku, ikirudiwa kwa wiki sita, ndiyo tofauti ya mtu anayetembea na mtu anayebebwa. Kwa hiyo mgawaji alikuwa na marafiki wengi kuliko padri. Wanorwe walikuwa na ahueni kwa sababu walipokea vifurushi vya chakula kutoka nje. Wafungwa wa Kisovieti hawakupata kitu. Kutokana na vifurushi hivyo likazuka soko: mkate kwa sigara, sigara kwa sharubati ya dawa, dawa kwa nafasi ya kazi ya ndani isiyo na mvua. Mwenye kuuza aliitwa mwizi na mwenye kununua aliitwa mjanja, na usiku wote wawili walilala banda moja.

Sasa rudi kwenye mawe ya namba 18 na 19. Hakuna jengo, ni kokoto tu, na wengi hupita. Hapo walifungiwa wafungwa Wayahudi wapatao 140, wamezungushiwa waya wao peke yao, wakitengeneza pauni bandia za Uingereza chini ya ofisa wa SS Bernhard Krüger. Walikuwa wapiga chapa, wachoraji, makarani wa benki. Mghushi wa kweli kati yao alikuwa mmoja, Salomon Smolianoff. Noti zilikuwa za pauni 5, 10, 20 na 50, na thamani yake kwa jumla ilizidi pauni milioni 130. Ugumu haukuwa kuchapa tu. Karatasi ilitaka vitambaa vya kitani vilivyokwisha kutumika na kufuliwa, la sivyo rangi yake ilitofautiana chini ya taa maalumu. Noti mpya ingeshukiwa, kwa hiyo wafungwa walipanga mistari miwili na kupitishiana noti kwa mikono michafu, wakizikunja na kuzitoboa kwa pini kama walivyofanya makarani wa benki za Uingereza. Kisha zikachambuliwa kwa madaraja, safi kabisa kwa majasusi na nchi zisizo vitani, zenye kasoro kwa matumizi mengine.

Malipo yao yalikuwa shuka safi, nywele zisizonyolewa, redio, hata meza ya mpira wa mezani. Nje ya waya, hatua chache tu, watu walikuwa wakifa kwa njaa. Wagonjwa kadhaa wa kikosi hicho waliuawa badala ya kupelekwa hospitali, siri isitoke. Kila aliyefanya kazi vizuri aliisaidia hazina ya adui, na aliyefanya vibaya alijiua yeye na wenzake. Walipoamriwa kutengeneza dola, mmoja wao, Abraham Jacobson, aliivuta kazi ya sahani za kuchapia kwa miezi, akijua kwamba kazi ikiisha wao nao wamekwisha. Hapo uchelewaji ulikuwa silaha, lakini ulihatarisha shingo za wote 140, na si wote walimshukuru.

Station Z iko nje ya pembetatu, upande wa magharibi. Jina ni mzaha wa SS: mnaingilia Mnara A, mnatokea Z. Mabaki ya tanuri na chumba cha kupigia risasi za kisogoni yamefunikwa kwa paa jeupe la kisasa. Kifaa cha kupimia urefu ndicho kilichokuwa mtego: mtu anasimama akidhani anapimwa, risasi inapita kwenye tundu la ukutani. Katika vuli ya 1941, kwenye banda lililotengenezwa kwa hila hiyohiyo, mateka wa kivita wa Kisovieti wasiopungua 10,000 waliuawa kwa wiki chache, muziki wa gramafoni ukifunika milio. Maiti zilichomwa na wafungwa. Mmoja wao, Paul Sakowski, kijana wa miaka ya ishirini, alinyonga pia. Oktoba 1947 mahakama ya kijeshi ya Kisovieti ilikaa Pankow, Berlin, ikiwa na washtakiwa 16. Wawili kati yao walikuwa wafungwa wa zamani, Sakowski mmojawapo, na alihukumiwa kifungo cha maisha, sawasawa na kamanda wa kambi Anton Kaindl katika kesi hiyohiyo. Soma majina hayo mawili kwa kufuatana uone kama unaridhika na hukumu. Maonyesho hayakusaidii kuamua, na tunaona wamefanya vizuri.

Mabanda ya wagonjwa yamebaki ya asili na yana maonyesho marefu kuhusu tiba na uhalifu. Maandishi ni mengi mno. Chagua chumba kimoja au viwili. Usikose habari ya wauguzi wafungwa: kitanda kimoja, wagonjwa watatu, na ofisa wa SS anayekuja kuchukua wasiopona. Nani alale pale kesho lilikuwa swali la kila jioni. Chumba cha maiti kiko chini ya jengo la kupasulia maiti, ngazi zake ni za mteremko na baridi yake haipungui hata Julai.

Wako pia waliopewa mlango ulio wazi. Mashahidi wa Yehova waliletewa karatasi ya kuikana imani yao, na aliyetia saini aliweza kuachiwa. Wachache sana walisaini. August Dickmann aliyekataa jeshi alipigwa risasi uwanjani tarehe 15 Septemba 1939, ndugu zake wa imani wakilazimishwa kutazama. Kundi hili huwasumbua wanaopenda kusema kwamba kambini hakukuwa na hiari yoyote, na huwasumbua vilevile wanaosema hiari ilikuwapo kwa wote, maana Myahudi hakuletewa karatasi yoyote ya kusaini.

Ule mnara mrefu wa mita 40 ni wa serikali ya Ujerumani Mashariki, uliozinduliwa mwaka 1961. Pembetatu zilizo juu yake zote ni nyekundu. Waliochora hawakuona haja ya rangi nyingine.

Mambo yanayoharibu ziara ni machache na yanazuilika. La kwanza ni baridi: eneo ni tambarare, hakuna kivuli wala kizuizi cha upepo, na Novemba koti la Berlin mjini halitoshi. La pili ni kuchanganya zama. Baada ya Wanazi, Wasovieti waliitumia kambi hiyohiyo kufungia watu hadi 1950, na kama 12,000 walikufa. Makaburi na maonyesho yao yako nyuma kabisa. Soma mwaka kwenye kila kibao kabla ya kusimulia ulichoona. La tatu ni watoto. Chini ya miaka 14 hatushauri. Wenye viti vya magurudumu watapita njia kuu, lakini kokoto za kwenye mabanda zitawasumbua. Beba maji na chakula, ule nje ya lango.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kwenda. Bayume Mohamed Husen, jina lake la kuzaliwa Mahjub bin Adam Mohamed, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani wa jeshi la Wajerumani, na alitumikia jeshi hilo akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mishahara ya baba yake na yake mwenyewe. Hakulipwa. Akawa mhudumu wa mkahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akavaa tena sare za askari kwenye hafla za waliotaka makoloni yarudishwe, akaigiza hata kwenye filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Tusimcheke, mtu mweusi Berlin ya Hitler hakuwa na kazi nyingi za kuchagua. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akaletwa Sachsenhausen, na hapo akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Ukirudi mjini na S1, shuka Gesundbrunnen, chukua treni ya chini ya ardhi ya U8 vituo vitatu hadi Rosenthaler Platz. Nenda Brunnenstraße namba 193. Angalia chini, mbele ya mlango: kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake, sentimita 10 kwa 10.